Kitofali cha Ruhusa ya Mke

Mlango ulichukua sekunde tisa kunifungulia. Miaka mitatu iliyopita, Mkadam alipofuta jina langu kwenye programu ya nyumba, ulinifungia nje papo hapo, mimi na begi langu.

"Karibu, fundi," alisema, kana kwamba hakuwahi kuwa mume wangu. "Nyumba imekuwa nzito. Taa, maji, mlango, vyote vinasuasua."

Sheria hairuhusu mtu kugusa programu ya nyumba yake. Huja fundi wa zamu, na mtaa huu zamu ni yangu. Kwenye kioo cha ukutani nikafuata mistari inayounganisha vitofali vya rangi, kila kimoja hatua ya programu. Jina alilifuta, lakini kitofali cha Ruhusa ya Mke alikisahau. Kila amri ilikuwa bado inaniuliza mimi, inasubiri weee, sekunde tisa zikiisha bila jibu ndipo inaendelea.

Ningeweza kukitoa. Nikakiunganisha na simu yangu, ijibu ndiyo yenyewe, kisha nikaondoa kikomo cha kusubiri, isiendelee tena bila jibu.

"Sasa inaruka!" akafurahi.

Leo asubuhi nimelizima jibu hilo. Nilikuwa namenya vitunguu simu ilipoandika: Mkadam anaomba kutoka. Baadaye: Mkadam anaomba maji.

Sasa ofisi imeniandikia kwamba kuna mteja anaita fundi, ni haraka sana.

Nitakwenda. Vitunguu kwanza.