Reli Iliyopunguka Vidole Vitatu

Reli ya pazia ilipunguka vidole vitatu.

Mbarouk alijilaumu. Aliipinda mwenyewe, kwa vipimo alivyochukua mwezi uliopita, ifuate pembe zote za dirisha lile lililotokeza juu ya uchochoro wa Malindi. Akapima tena. Hakukosea yeye, dirisha ndilo lililosogea.

Pembeni, baina ya mbao na ukuta, palishindiliwa kipande cha kanga kuukuu. Akakivuta. Chokaa ikamwagika kama unga, na kidole chake kikazama chote mpaka kikapigwa na upepo wa nje.

"Bi mkubwa, dirisha hili linaiacha nyumba."

"Nnajua, fundi," alijibu mama mwenye nyumba, akaichukua ile kanga na kuirudisha palepale. "Ndiyo maana nnataka pazia. Ijumaa tunaingiza bi harusi, na mwanangu hana pahala pengine pa kumweka."

Mbarouk akakitazama kitanda kipya, kimeshatandikwa, mito imeelekea dirishani.

Akakata reli nyengine. Akaongeza vile vidole vitatu. Kisha, bila ya kuambiwa, akaongeza na viwili vya mbele ya safari.