Kaburi la Kaburu

Mbugua alikuwa akipigilia msalaba juu ya kaburi la ng'ombe gari lilipokata kona kwenye ua wa michongoma. Akaitupa nyundo katikati ya mahindi, akajipangusa mikono kwenye suruali, akavaa uso wa mfiwa.

"Baba Nyambu," mkewe Wacera alimwambia kwa sauti ya chini, "hapo kuna fahali aliyekufa na ndigana mwaka wa sabini na nne. Na wewe ni mzee wa kanisa."

"Fahali hakatai kuombewa. Wewe nyamaza tu."

Hakuwa mtu wa uongo. Shamba hilo, nje kidogo ya mji wa Kitale, babake alilinunua mwaka wa 1966 walipohama kutoka Nyeri, na hati yake haikutoka mpaka mzee akaingia kaburini. Kabla yao lilikuwa la Daniel Steenveld, Kaburu kutoka Afrika Kusini. Makaburu wenzake walifungasha wakaondoka wakati wa Uhuru. Huyu, watu walisema, alifia hapohapo akazikwa shambani. Mbugua hakuwahi kumtia machoni, na kwa miaka yote aliyolima, jembe lake halikugusa kaburi lolote.

Halafu jana yake akaja Tonny, dereva wa teksi kutoka Kanduyi. Alisema kuna mzungu mzee amefikia hoteli moja Bungoma, mtu wa ukoo wa Steenveld, amesikia Daniel alizikwa kwa Mbugua, anaomba aonyeshwe mahali. Mbugua aliyapima maneno hayo jioni nzima. Kaburu asiye na kaburi huenda yu hai, na aliye hai anaweza kudai chake.

Mzungu alishuka polepole, mkono mmoja fimbo, mkono wa pili chupa iliyofungwa gazeti. Akasema maneno machache kwa Kiingereza.

"Anasema poleni," Tonny akatafsiri. "Kwao wako na shamba la zabibu, wanatengeneza waini tangu babu ya babu yake. Hii ni nyeupe. Zingine ati unakunywa mwaka huohuo, lakini hii yao ukiharakisha inakukata ulimi. Inataka kulala. Hii imelala miaka arobaini na moja. Ni ya sitini na tatu, mwaka wa mwisho wa Daniel hapa."

Mbugua akawatangulia hadi kwenye kifusi cha fahali. Mzungu akavua kofia. Aliutazama msalaba, mbao yake ingali nyeupe, kisha akamtazama Mbugua.

"Anauliza, ulikuwepo?"

"Mwambie mimi ndiye nilikuwa mpishi wake. Hii macho yake nilifunga na hii mikono."

"Alisema nini mwisho?"

Mbugua alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Alisema shamba libaki na wale wanalima."

Tonny alipotafsiri, mzungu alikohoa kwa muda mrefu, leso mdomoni.

"Anauliza tena, alikuwa mtu wa namna gani."

Hili Mbugua hakuwa amelitazamia. Lakini marehemu hasemwi vibaya, na sifa hazilipiwi. "Mwambie hakukuwa na mwingine kama yeye. Makaburu wengine walitembea na kiboko. Huyu, hata kofi. Mtoto wa mfanyakazi akigonjeka, alimbeba na gari yake mwenyewe mpaka hospitali. Tulimlilia kama baba."

Mzungu aliinamisha kichwa. Kisha akasema neno moja, akalirudia.

"Anauliza, hata kofi?"

"Hata kofi."

Mzee yule aliugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganja kana kwamba ameandikiwa kitu pale. Kisha akaanza kuifungua chupa.

Kizibo kilivunjikia shingoni mwa chupa, ikabidi Wacera alete chujio la chai. Divai ikatoka na rangi ya asali ya msituni. Harufu yake ilikuwa ya nta na maganda ya limau, ikafika hadi mlangoni pa jikoni. Mzungu aliimimina nusu juu ya kifusi, taratibu, akifuata urefu wa mtu. Iliyobaki akaigawa katika vikombe vya bati.

"Mimi nimeokoka," Wacera akasema, lakini kikombe alikinusa mara mbili kabla ya kukirudisha.

Mbugua, ambaye hakuwa ameonja pombe tangu ubatizo wake, alipiga funda moja. Ilimuuma kwanza, kisha ikalegea, ikabaki utamu uliokataa kuondoka ulimini. Alipoinua macho akamwona mgeni analia kimyakimya, machozi yakipita kwenye mikunjo ya uso bila kupanguswa. Aibu ikamshika Mbugua. Huyu bwana amevuka nchi ngapi kuja kulilia fahali? Akafungua kinywa aseme kweli. Akaikumbuka hati. Akakifunga.

"Mwambie asante kwa kumkumbuka ndugu yake," alisema.

Tonny akageuka atafsiri, lakini mzungu alimwinulia mkono. Akaweka kikombe chake juu ya udongo uliolowa, akaushika mkono wa Mbugua kwa mikono yake yote miwili. Kisha akasema mwenyewe, kwa Kiswahili cha zamani kilichoshika kutu:

"Asante, mzee. Umenizika vizuri kuliko nilivyostahili."