Pindo la Gauni la Raya

Nguo za watoto siku hizi hukua zenyewe. Unashona mara moja, mtoto anavaa miaka. Asubuhi unaikuta nguo imerefuka kidogo, na ikifika magharibi mtoto naye ameshaifikia. Nguo hutangulia, mwili hufuata. Haijawahi kukosea, na mimi kila nikiiona huacha kazi nikaitazama.

Leo nilikuwa jikoni napalia makaa juu ya mkate wa kumimina, Raya wangu wa miaka minne akaingia akijikwaa.

"Mama, gauni langu linaburura!"

Nikadhani pindo limefumuka. Nikapiga magoti, nikalishika. Uzi wangu ulikuwa imara. Lakini gauni lililoishia magotini jana lilikuwa linafagia sakafu, mikono yake imemeza vidole vya mwanangu, na kiuno kimekatika kama cha gauni la mwanamke mzima. Lilimeremeta. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile.

"Lipunguze, mama."

Mkasi ulikuwa mezani. Sikuugusa.

"Njoo mgongoni kwanza, magharibi haijafika," nikamwambia, nikachukua mbeleko, mimi niliyemwambia mwaka mzima kwamba ameshakuwa mkubwa.

"Mama, mkate unaungua!"

"Uache uungue."