Goti la Masunga

Siku hizi maumivu ya mchezaji hubebwa na shabiki anayempenda. Mama Holo, mwalimu mstaafu wa Mwanza, alibeba goti la kulia la Masunga, mkabaji wa timu yao ya mpira wa kikapu. Msimu mzima alipanda ngazi za nyumbani akichechemea kwa fahari.

"Kufunga kila mtu anajua," alikuwa akimwambia mumewe, Nkwabi. "Kukaba kunataka moyo."

Nkwabi alikuwa akicheka huku akimkanda goti kwa maji ya moto.

Mchezo wa mwisho wa mtoano waliutazama sebuleni. Katika robo ya tatu Masunga aliruka kuzuia mpira, akatua vibaya, na Mama Holo akapiga yowe. Goti lilimwaka moto. Kwenye runinga Masunga alikuwa ameshasimama, mikono wazi, akimkaba mpinzani wake bila kuhisi chochote.

"Ameumia na hajui," alisema Mama Holo. "Mguu utavunjika, Baba Holo."

"Ukimrudishia maumivu yake atatoka, na tutafungwa."

"Na tufungwe."

Akabonyeza bangili yake, ile iliyompitishia maumivu ya Masunga, kuyaachia. Goti likapoa papo hapo, naye akamwegemea mumewe, akingoja kumwona kijana akiomba kutoka.

Masunga akaruka tena, juu zaidi, akazuia mpira mwingine. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Nkwabi alisoma maandishi chini ya runinga. "Kuna shabiki ameshalichukua."

"Nani huyo? Nimpigie simu aliachie."

"Nyuma yake wapo elfu nne kwenye foleni," alisema Nkwabi, akamshika mkono.