Fundo la Kigimbi cha Kulia

Kidole gumba cha mkandaji kilishuka kwenye kigimbi cha kulia, kikitafuta lile fundo alilohangaika nalo kila Ijumaa kwa miaka mitatu. Hakikulikuta. Msuli ulikuwa umelegea kabisa, kama wa mtu ashindaye kitini.

“Wiki hii umekimbia, kaka?”

“Kama kawaida, dada,” alijibu mteja, uso kauzamisha kwenye taulo.

Raba zake chini ya kitanda hazikuwa na hata chembe ya vumbi. Ulikuwa mwezi wa pili tangu amzike mkewe, ambaye alikuwa akikimbia naye kila alfajiri.

“Kanda taratibu tu,” alisema. “Nyumbani hakuna anayenisubiri.”

Mkandaji aliongeza mafuta kiganjani, akabonyeza palepale palipopona.

“Fundo bado lipo,” alisema. “Ijumaa usikose.”