Kengele ya Jumanne

Kila Jumanne klabu ya kujitolea ilifungua mkutano kwa kugonga kengele yake, chuma kinene kilichookotwa shambani, kikapakwa rangi ya dhahabu na kuning'inizwa darini. Leo walikuwa wamemwalika Mzee Makwega, askari mstaafu asiyeona, wampe blanketi.

“Leo gonga wewe, mzee wetu,” alisema mwenyekiti, Bi Tunu, akimpa nyundo. “Kwa nguvu!”

Mzee aliipapasa kwanza kengele. Vidole vikashuka hadi kwenye ncha, vikaganda.

“Mnaigonga tangu lini?”

“Tangu nikiwa msichana.”

“Hili ni bomu, mwanangu. Halijalipuka.”

Akamrudishia nyundo taratibu, akaikumbatia kengele isibembee.

“Tokeni mmoja mmoja. Msiburute viti.”

Walitoka wakinyata. Barabarani, Bi Tunu alijikuta bado ameshika nyundo. Mkono wa mzee, aliyebaki ndani, hakuna aliyeushika kumtoa.