Nungunungu na Daftari Lisilofutika

Si zamani sana, simu zilipowafikia wanyama, Nungunungu alichoshwa na Kicheche, karani wa mashimo, ambaye kwa yai moja tu alikuwa akifuta jina la mwenye shimo na kuandika jingine. Akaleta daftari la kwenye simu: kila mnyama ana nakala yake, na kilichoandikwa hakifutiki.

"Hata ukikosea?" aliuliza Ngiri.

"Hata nikikosea mimi! Tazameni." Akaandika mbele yao: *Shimo la Nungunungu sasa ni la Ngiri.* "Haya, futeni."

Wakabonyeza wote, wapi! Nungunungu akacheka kwa fahari mpaka miiba ikatikisika.

Jioni alimkuta Ngiri ameshaingia shimoni kinyumenyume, kama ilivyo desturi yake, meno yakichungulia mlangoni.

"Toka, bwana! Yale yalikuwa majaribio."

"Nakala arobaini zinasema ni langu, mwalimu. Ulitufundisha vizuri."

Mvua ikaanza. Nungunungu akanyata hadi kwa Kicheche, amebeba yai.

"Karani wangu, nifutie mstari mmoja tu."

Kicheche akalitazama lile yai kwa uchungu. "Ningekufutia hata miwili, ndugu yangu. Lakini si uliniachisha kazi?"